Ramani Tupu na Maneno Thelathini

Kila mwaka watu wapatao milioni moja nchini India hupeleka maombi ya kufanya mtihani mmoja wa kuingia katika utumishi wa serikali. Mtihani wa mwaka 2022 ulipata washindi 933. Ule wa mwaka 2023, washindi 1,016. Waombaji hao si watoto. Ni watu wenye shahada, wengi wao wahandisi na madaktari, wenye umri wa kuanzia miaka 21. Na miongoni mwa masomo ya hiari wanayoruhusiwa kuchagua, jiografia imekuwa kwa muda mrefu mojawapo ya yale yanayopendwa na wengi.

Huenda mwanachuo akauliza: habari za maafisa wa India zatuhusu nini sisi tunaojiandaa kufundisha watoto wa shule ya msingi? Jibu letu ni fupi. Mtahiniwa huyo anapoanza kujiandaa, vitabu anavyoshauriwa kuvisoma kwanza si vya chuo kikuu. Ni vitabu vya shule, vile vinavyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti na Mafunzo ya Elimu lililoundwa mwaka 1961, tena kuanzia darasa la sita. Mtu mwenye digrii ya uhandisi hukaa na kitabu cha mtoto wa miaka kumi na mmoja ili ajue kwa nini kuna kiangazi na kwa nini kuna masika. Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika chuo cha ualimu, na hapo ndipo tunapotaka kulijadili.

Yafaa kwanza tueleze mtihani wenyewe, japo kwa ufupi. Asili yake ni ya kikoloni. Waingereza walianza kuwachuja maofisa wao wa India kwa mtihani wa ushindani mwaka 1855, na mtihani ukafanyiwa London. Mhindi wa kwanza kushinda, Satyendranath Tagore, alifaulu mwaka 1863, na haikuwezekana kuufanyia nchini India kwenyewe mpaka mwaka 1922. Tume ya utumishi wa umma iliundwa mwaka 1926, na tangu katiba ya jamhuri ilipoanza kutumika mwaka 1950 imeitwa Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano. Mpango wa hatua tatu ulianza mwaka 1979. Hatua ya kwanza ni ya kuchagua jibu sahihi, na anayekosea hukatwa theluthi ya alama za swali lile, hivi kwamba kubahatisha kuna gharama. Hatua ya pili ni ya kuandika, na ina alama 1,750. Katika hizo, alama 500 hutoka katika somo la hiari, ambalo lina karatasi mbili za saa tatu tatu. Hatua ya tatu ni mahojiano yenye alama 275. Mpaka mwaka 2012 mtahiniwa alichagua masomo mawili ya hiari. Tangu mwaka 2013 huchagua moja tu, na kwa hiyo uchaguzi umekuwa mzito zaidi.

Kwa nini huchagua jiografia? Sababu zinazotolewa na watahiniwa wenyewe zajulikana sana. Husema kwamba sehemu kubwa ya somo hili huingiliana na karatasi za maarifa ya jumla, kwa hiyo kazi moja huleta mavuno mara mbili. Husema tena kwamba ramani na michoro humpa msahihishaji kitu cha kuona, na kwamba mtu ambaye hakulisoma chuo kikuu aweza kuliingia bila kupotea. Kwa ufupi, ni somo linalohesabiwa kuwa na alama. Sisi hatuoni dhambi katika hesabu hiyo. Mtu mzima aliye na nafasi sita tu za kujaribu, na anayejua kwamba akifika miaka 32 mlango unafungwa (ingawa jamii zilizobaguliwa zamani zimeongezewa miaka na nafasi), ana haki ya kupima mzigo kabla ya kujitwika. Tatizo huanza pale hesabu hiyo inaposhuka hadi kwa mwalimu, naye akaanza kufundisha watoto kwa kipimo hicho hicho: hili hutoka, hili halitoki.

Turudi kwenye kile kitabu cha darasa la sita. Kurudi huko kwa mtu mzima kwaweza kufasiriwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya sifa: kitabu kimeandikwa vizuri na misingi yake ni imara kiasi cha kumfaa hata mwenye shahada. Hilo ni kweli, na waandishi wa vitabu wa huko wanastahili pongezi. Namna ya pili ni chungu. Mtu yule alikwisha kupita darasa la sita. Alifundishwa mistari ya latitudo, alifundishwa kuzunguka kwa dunia, alinakili kutoka ubaoni, akajibu maswali, akapewa vema. Baada ya miaka kumi na mitatu anarudi pale pale kana kwamba hajawahi kufika. Kwake yeye darasa la sita lilipita kama mvua juu ya mwamba. Na kurudi huko hakukosi gharama. Hulipwa kwa mwaka mzima wa ujana, na mara nyingi kwa fedha za wazazi zinazokwenda kwenye vituo vya tuisheni vya Delhi. Twaona kwamba namna hii ya pili ndiyo inayopasa kumsumbua mwalimu. Mwanafunzi wetu wa darasa la sita hatapata nafasi ya kurudi. Wengi hawatafanya mtihani wowote wa utumishi. Atakachokuwa nacho juu ya nchi yake, mito yake na mvua zake ni kile atakachotoka nacho kwetu.

Sasa tuangalie jambo moja katika mtihani huo ambalo tunaliona kuwa la thamani kuliko yote, nalo ni swali la ramani. Karatasi ya pili ya jiografia yahusu India yenyewe. Ndani yake mtahiniwa hupewa ramani tupu ya nchi, yenye mipaka pekee, na majina ya mahali kumi. Kila mahali anatakiwa apatie alama kwenye ramani, kisha aandike umuhimu wake kwa maneno yasiyozidi thelathini. Alama mbili kwa kila mahali. Mahali penyewe paweza kuwa chochote: maporomoko ya maji, ziwa, kivuko cha mlimani, mgodi, mji wa ibada, kisiwa chenye volkano.

Tuchukue mfano wa Kandla. Mtahiniwa aliyesoma vizuri aweza kuandika hivi:

"Bandari katika Ghuba ya Kutch, Gujarat. Ilijengwa baada ya mgawanyo wa 1947, Karachi ilipobaki Pakistan na India ya kaskazini-magharibi ikakosa mlango wa bahari. Huhudumia majimbo ya ndani yasiyo na pwani."

Hayo ni maneno thelathini kamili. Hebu msomaji ayahesabu, kisha ajiulize yamebeba nini. Yamesema mahali palipo. Yamesema ni kitu gani. Yamesema kwa nini kiko pale na si kwingine, na kwa nini kilikuja wakati ule na si kabla yake. Yamesema kinamfaa nani. Mtu hawezi kuandika hivyo kwa kukariri orodha ya bandari, kwa sababu orodha haina "kwa nini" ndani yake. Wala hawezi kuandika hivyo kwa kupayuka, kwa sababu maneno thelathini hayatoshi kwa mpayukaji. Na kwa kuwa ramani ni tupu, hawezi kujificha: kidole ama kimeangukia Ghuba ya Kutch ama kimeangukia mahali pengine.

Linganisha swali hilo na lile ambalo wengi wetu tumelizoea tangu utotoni: "Taja bandari kuu tatu za Tanzania." Mtoto hujibu Dar es Salaam, Tanga, Mtwara. Amepata alama tatu. Lakini je, anajua kitu gani? Mtoto wa Kigoma aweza kuyataja majina hayo matatu bila kujua kama Mtwara iko upande wa jua linapochomoza au linapozama. Tukimpa ramani tupu tutashangaa. Wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wajaribu jambo hili hata mara moja, katika darasa lolote ambalo limekwisha "kumaliza" mada ya bandari, na waone alama za penseli zitakavyotawanyika mpaka Dodoma.

Mtwara hiyo hiyo ina maneno yake thelathini, tena matamu. Ni bandari ya kusini yenye kina kirefu, iliyojengwa ili kupitisha karanga za mpango mkubwa wa Waingereza. Mpango ukafa mwaka 1951, bandari ikabaki, korosho zikaja kuitumia. Mtoto wa darasa la sita akiandika nusu ya hayo, kwa maneno kumi na tano, atakuwa amejifunza jiografia na historia kwa mpigo mmoja, na atakuwa amejifunza pia jambo ambalo hakuna orodha itakayomfundisha: kwamba kitu kilichojengwa kwa sababu moja chaweza kuishi kwa sababu nyingine.

Twapenda hapa tuseme neno juu ya pepo, maana ndipo jiografia ya India na ya pwani yetu zinapokuwa jiografia moja. Hakuna mada inayochukua nafasi kubwa katika maandalizi ya mtahiniwa wa India kuliko mvua zinazoletwa na pepo za kusini-magharibi. Hizo hufika Kerala, kusini kabisa, karibu na tarehe mosi Juni, kisha hupanda kaskazini. Zikiwa zimejaa unyevu wa bahari hugonga milima ya pwani ya magharibi, hulazimika kupanda, hupoa, humwaga mvua. Mumbai, iliyo chini ya milima upande wa bahari, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Pune, mwendo wa kilomita 150 tu kwa barabara lakini nyuma ya milima, hupata kama milimita 700. Upepo ni ule ule, siku ni zile zile. Tofauti ni mlima.

Mtahiniwa huandika juu ya pepo hizo kwa msamiati mzito wa chuo kikuu. Lakini upepo wenyewe tunaujua. Ni kusi. Sehemu kubwa ya hewa ile yenye unyevu huvuka ikweta karibu na pwani ya Afrika ya Mashariki, hupita Somalia, hukata bahari na kufika India. Ndiyo hiyo iliyosukuma majahazi kwenda Gujarat, na kaskazi ikayarudisha. Hata lugha yashuhudia: neno letu "msimu" latokana na neno la Kiarabu "mausim", na neno wanalolitumia Wazungu kuziita pepo hizo latokana na neno hilo hilo, baada ya kupita katika vinywa vya Wareno. Mtoto wa mvuvi wa Lindi au Unguja huingia darasani akiwa amekwisha kuzijua pepo mbili kwa ngozi yake, kwa nyakati zake na kwa samaki wanaokuja nazo. Inasikitisha kwamba mara nyingi humkuta mwalimu anayemwandikia ubaoni "Pepo za msimu ni pepo zinazovuma kwa msimu," akamwambia anakili. Basi huyo mtoto aliyekuwa anajua, sasa ameambiwa kitu asichokielewa juu ya kitu alichokuwa anakielewa.

Na mlima? Watoto wa Moshi wanaona jinsi upande wa kusini wa Kilimanjaro ulivyo na migomba na mifereji, na wasafiri waliozunguka mpaka upande wa kaskazini wanajua ukavu wake. Somo la Mumbai na Pune liko mlangoni pao. Aliyelielewa hapo, siku akikutana na Pune katika kitabu atasema, "Kumbe nako ni kama kwetu." Twaamini kwamba hakuna njia nyingine ya mtu kujifunza nchi ya mbali isipokuwa hii ya kuipima kwa nchi anayoikanyaga.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tunausifu mtihani wa India kwa kila kitu. Karatasi ya kwanza ya jiografia ina sehemu ya nadharia na vielelezo vya wataalamu wa Ulaya, na hapo kukariri kumejenga kiota. Mtahiniwa huchora maumbo ya pembe sita ya Walter Christaller, Mjerumani aliyeandika mwaka 1933 juu ya miji ya kusini mwa Ujerumani. Huchora duara ndani ya duara za von Thünen, aliyeandika mwaka 1826 juu ya mashamba yanayouzunguka mji. Michoro hiyo huuzwa mitaani Delhi ikiwa imekwisha kupigwa chapa katika madondoo ya vituo vya tuisheni, pamoja na majibu ya mfano ya kukaririwa. Kuna watu wanaoweza kuchora pembe sita kwa macho yaliyofumbwa na ambao hawajawahi kuuliza wachuuzi wa soko la kijijini kwao walitoka wapi asubuhi hiyo.

Kosa, hata hivyo, si la Wajerumani wale wawili. Walichofanya wao ni kutazama. Von Thünen alikuwa na shamba, akaweka hesabu zake. Jambo alilolisema laweza kufundishwa darasa la tano kwa fungu la mchicha. Kwa nini mchicha hulimwa mabondeni ndani ya Dar es Salaam, mahali ambapo ardhi ni ya thamani kubwa, wakati mahindi hutoka Rukwa na ng'ombe hutembezwa au kusafirishwa kutoka mbali? Kwa sababu mchicha uliokatwa alfajiri umenyauka kabla ya jioni, mahindi hukaa guniani miezi, na ng'ombe ana miguu. Mtoto atalijibu swali hilo mwenyewe, akipewa dakika tano za kufikiri. Vivyo hivyo Christaller yumo katika gulio. Wapeleke wanafunzi gulioni, kila mmoja awaulize wachuuzi watano kijiji walichotoka, kisha vijiji hivyo viwekwe kwenye ramani iliyochorwa ubaoni. Umbo litakalotokea halitakuwa la pembe sita. Litavutwa na barabara, litakatwa na mto, litapinda mahali penye kilima. Na maswali yatakayozuka juu ya mpindo huo ndiyo jiografia yenyewe.

Kuna wakati hata wanachuo hodari huuliza: hayo yote yanaleta faida gani mtu akishapata kazi? Tuwape mfano wa Odisha, jimbo la pwani ya mashariki ya India. Tarehe 29 Oktoba mwaka 1999 kimbunga kikubwa kilipiga pwani hiyo na kuua watu karibu elfu kumi. Wengi walizama, kwa kuwa bahari ilipanda nchi kavu mahali ambapo ardhi ni tambarare kama meza. Tarehe 12 Oktoba mwaka 2013 kimbunga kingine cha nguvu nyingi, kilichoitwa Phailin, kilipiga pwani ile ile. Safari hii waliokufa hawakufika mia moja. Katika miaka kumi na minne iliyokuwa katikati yalijengwa majengo ya kukimbilia, utabiri wa hali ya hewa ukawa bora, na watu wapatao milioni moja wakahamishwa kabla upepo haujafika. Kazi ya kuwahamisha iliangukia utawala wa jimbo na wa wilaya, yaani maafisa ambao baadhi yao walitoka katika mtihani huu tunaouzungumzia, pamoja na walimu, waganga na viongozi wa vijiji. Hatusemi kwamba karatasi ya jiografia ndiyo iliyowaokoa watu. Tunasema kwamba afisa anayetakiwa kuamua leo jioni ni vijiji gani vihame kwanza anahitaji kuijua ardhi: ipi iko chini, maji yataingilia mlango gani wa mto, barabara ipi itakatika. Na mwanakijiji anayeambiwa ahame anahitaji kumwelewa afisa huyo, la sivyo hatatoka. Huyo mwanakijiji hakufundishwa na chuo kikuu. Alifundishwa na mmoja wa wenzetu.

Mfano wa pili tunautaja kwa huzuni. Tarehe 27 Julai mwaka 2024 mvua kubwa ilinyesha Delhi, na katika mtaa wa Old Rajinder Nagar, ambao umejaa vituo vya tuisheni kwa ajili ya mtihani huu, maji ya barabarani yaliingia kwa kasi katika chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa kikitumiwa kama maktaba. Watahiniwa watatu walikufa humo. Lawama za kisheria zina wenyewe. Lakini mtu anayefikiri juu ya ufundishaji hawezi kukosa kuona kwamba mafuriko ya miji, mifereji iliyoziba na ujenzi uliopuuza njia za maji ni mambo ambayo watahiniwa katika mtaa ule huyasoma usiku na mchana. Maarifa yalikuwamo ndani ya vitabu, tena mezani. Hayakuwa na nguvu yoyote juu ya jengo lililokuwa na vitabu hivyo, kwa sababu waliokuwa na mamlaka juu ya jengo hawakuyatumia. Dar es Salaam nayo ina Msimbazi, na Msimbazi hujaa. Watoto wa Jangwani wanajua alama za maji kwenye kuta za nyumba zao. Je, tuna somo lolote, katika andalio lolote, linalowataka wapime alama hizo na kuziweka kwenye ramani?

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki. Mwalimu mkuu anataka kiwango cha kufaulu kipande. Mwalimu mpya akitumia vipindi viwili gulioni ataulizwa mtaala unamalizwa lini. Na maswali ya kuchagua jibu hayamwombi mtoto maneno thelathini. Yanamwomba apake kiduara. Hatumshauri mwalimu yeyote aupuuze mtihani, kwani mtoto wa mkulima hana mlango mwingine. Lakini ushahidi wa India ni kwamba hata hatua ile ya kuchagua majibu haifaulishi orodha tupu. Maswali yake hupenda kumpa mtahiniwa sentensi mbili au tatu, na kumwuliza zipi ni za kweli. Asiyejua sababu huona zote zinafanana. Baada ya hapo huja hatua ya kuandika, na wengi walioponea kwenye viduara huangukia huko. Kwetu pia ipo siku ya kuandika, huko kidato cha pili na cha nne, na mwalimu wa msingi aliyemzoesha mtoto "taja" peke yake amempeleka vitani na ala bila panga.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, tuna ombi dogo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha yatakayokuja. Kila mmoja afungue maandalio yake ya somo ya jiografia na ahesabu ni mara ngapi ameandika "mwanafunzi aweze kutaja" na ni mara ngapi "aweze kuonyesha na kueleza kwa nini". Kisha achore ramani moja tupu ya Tanzania kwenye karatasi ya manila, au ubaoni, au penye uhaba wa vyote, uwanjani kwa majivu. Mahali pawili kwa wiki panatosha. Kipindi cha dakika arobaini hakihitaji zaidi ya dakika kumi kwa kazi hii: mtoto mmoja anakwenda mbele na kuweka alama, wenzake wanakubali au wanakataa, kisha wote wanaandika maneno yasiyozidi thelathini. Mwanzoni maneno yatakuwa saba, manne kati yake yakiwa "ni mahali pazuri sana". Si neno.

Tungependa mahali pa kwanza pawe shule yenyewe. Kwa nini iko hapo ilipo? Watoto wakawaulize wazee. Nyingine zilijengwa na wamisionari juu ya kilima penye baridi. Nyingine zilisimamishwa karibu na kisima au barabara, vijiji vilipohamishwa katika miaka ya 1970. Nyingi zilitokana na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1977, na nyingine ni za MMEM, baada ya mwaka 2002, katika kiwanja kilichotolewa na ukoo fulani ambao jina lake bado latajwa. Wazee hawatakubaliana. Mwalimu aandike majibu yote ubaoni bila kufuta hata moja, na awaachie wanafunzi wachague lipi linaingia katika maneno thelathini.